Fremu ya Nishani Tatu

Lemomo Yonas alikuwa amelazwa kitanda cha mwisho, kando ya dirisha, mkono wa kushoto umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda na jicho la kulia limefunikwa pamba. Wananchi wa kijiji cha Chome walikuwa wamemkamata Jumanne asubuhi, na hadi polisi wanafika kumnyang'anya mikononi mwao, jicho lile lilikuwa limeshapasuka.

Inspekta Koleta Msuya alivuta stuli akaketi. Ilikuwa Alhamisi, saa moja na robo asubuhi, hospitalini mjini Same. Upelelezi wa kifo cha Mzee Eliufoo Mgonja ulikuwa na siku mbili tu, na tayari kila mtu, kuanzia mwenyekiti wa kijiji hadi mkuu wake wa kazi, alishauhesabu kuwa umekwisha. Mzee wa miaka sabini na mmoja, askari wa Vita vya Kagera, amekutwa ndani ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba chini ya nyumba yake. Sebuleni kwake, fremu yenye nishani tatu za ukoo imevunjwa kioo na nishani hazimo. Mfugaji kutoka kijiji cha Kisiwani, huko tambarare, amekutwa karibu na hapo, na nishani moja imening'inia shingoni mwake chini ya shuka. Leo saa tisa alasiri mzee anazikwa. Kesho Lemomo anasomewa shitaka la mauaji.

Koleta alikuwa na neno moja tu lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Nishani zilizopotea ni tatu. Lemomo alikutwa na moja.

"Nieleze upya," alisema. "Nishani uliitoa wapi?"

"Nilipewa, afande. Nimewaambia wote. Nilipewa."

"Na nani?"

"Na mzee mwenyewe. Alishuka Kisiwani kwa mama yangu. Jumamosi."

Koleta akafungua jalada. "Kwenye maelezo yako hakuna Jumamosi."

"Aliyeandika aliniuliza, umeiba au hukuiba? Habari ya siku hakuniuliza."

Maelezo yalikuwa mistari sita. Koleta aliisoma yote, akageuza ukurasa.

"Kwa nini mzee akupe nishani yake?"

"Si yake. Ni ya baba yangu."

Koplo Anderson, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, aliguna. Koleta hakugeuka.

"Na Jumatatu ulifuata nini Chome?"

"Yeye ndiye aliyeniita. Alisema, njoo Jumatatu nikwambie baba yako amelala wapi. Ile Jumamosi alishindwa kumaliza, alilia sana. Nikapanda. Saa kumi jioni nikafika kwake, nikabisha hodi. Mama wa pale akafungua mlango kidogo tu, akasema mzee hayupo, njoo kesho. Nikalala kibanda cha soko. Asubuhi nikarudi, nikakuta watu wamejaa ndivani. Mmoja akaona nishani shingoni mwangu. Basi."

"Mama gani huyo aliyefungua mlango?"

"Mtu mzima. Ana kovu hapa," Lemomo akagusa kidevu chake kwa mkono ulio huru.

Koleta aliandika. Mwenye kovu kidevuni ni Ernesta, mjane wa marehemu. Na Ernesta alikuwa ametia saini maelezo kwamba Jumatatu, tangu saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, alikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama.

Nje ya wodi daktari aliwangoja na kichupa kidogo cha plastiki. Alikuwa ameupasua mwili jana alasiri, na alfajiri ya leo familia ilikuwa imekwisha kuuchukua.

"Ripoti nitaipiga chapa mchana," alisema, "lakini haya uyasikie sasa. Mapafuni hamna maji. Mzee aliingia ndivani akiwa maiti. Kilichomuua ni pigo nyuma ya sikio la kulia. Na hiki kilikuwa ndani ya jeraha."

Koleta alikiinua kichupa kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na kipande cha kioo, chembamba, urefu wa punje ya mchele.

"Ndivani kuna vioo?" alimuuliza Anderson.

"Kuna matope na vyura, afande."

"Basi alipigiwa wapi?"

Anderson alifikiri. "Sebuleni. Na fremu yenyewe." Kisha akachangamka. "Si ndiyo hivyo? Lemomo kaingia, kambamba mzee, kampiga na fremu, kazoa nishani, kamtupa majini."

"Halafu akaenda kulala sokoni na ushahidi umemning'inia shingoni, na asubuhi akarudi kuangalia umati?"

Anderson alizungusha funguo kidoleni.

"Washa gari," Koleta alisema. "Tunaanza Kisiwani."

*

Boma la Nailantei lilikuwa mwisho wa kijiji, mahali ambapo mashamba yanakwisha na vichaka vya migunga vinaanza. Mwenyewe walimkuta ameketi kivulini akishona shanga, mama wa miaka karibu sabini, mwembamba, mgongo umenyooka kama nguzo ya nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alitazama sare ya Anderson, kisha uso wa Koleta. "Mwanangu anakula?"

"Anakula, mama."

"Wamesema jicho."

Koleta hakuwa na desturi ya kuwafunikia watu maneno. "La kulia limeharibika. Halitapona."

Nailantei hakulia. Aliuliza tu kama la kushoto linaona, na alipoambiwa linaona, akaitikia kwa kichwa mara moja na kuweka shanga chini.

"Jumamosi ulipata mgeni," Koleta alisema.

"Nilipata. Mzee Mpare, ana fimbo. Alisimama pale langoni muda mrefu, hata mbwa wakachoka kubweka. Akasema, mimi ni Eliufoo, nilikuwa vitani na mume wako. Nikamwambia kaa. Akakataa kukaa. Akasema, ukishasikia nitakayosema ndipo uniambie kama nikae."

"Akasema nini?"

"Akasema Yonas alikufa kule Uganda amembeba yeye. Yeye alitupa bunduki, akakimbia, akapigwa risasi ya mguu. Yonas akarudi kumchukua. Akambeba mpaka mtoni. Pale mtoni Yonas akapigwa." Nailantei alieleza kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za ng'ombe wa jirani. "Vita vilipokwisha, mkubwa wao akampa yule mzee nishani ya Yonas na cheti chake. Akamwambia, wewe ni mtu wa Same, unapajua Kisiwani, mpelekee mke wa marehemu. Yeye mwenyewe hakupewa kitu, maana alikimbia."

"Na hakuleta."

"Alipitia kwao kwanza. Baba yake alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, alipigana kule Bama na Wajapani, alikuwa na nishani ya Mzungu. Alikuwa amekusanya majirani kumpokea mwanawe. Akaiona ile nishani mkononi mwa Eliufoo, hakuuliza, akaichukua akambandika kifuani mbele ya watu wote. Mzee akasema, mdomo wangu ulijifunga siku ile mpaka leo."

Anderson alikuwa ameacha kuchezea funguo.

"Mimi nilingoja barua," Nailantei aliendelea. "Wenzangu walioondokewa walipata habari. Mimi hakuna. Watu wakasema Yonas hakufa, ametoroka, ana mke mwingine huko. Lemomo alikuwa tumboni. Amekua anaitwa mtoto wa mtoro. Alipotaka kuoa, nyumba mbili zilimkataa kwa neno hilo."

"Mama, cheti hicho mzee alikuachia?"

Nailantei aliingia ndani akatoka na kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na cheti kilichokunjwa mara nne, mikunjo imekuwa kahawia. Jina lilikuwa limepigwa taipu: Praiveti Yonas Kipuyo. Koleta alikigeuza. Nyuma palikuwa na maandishi mapya, ya kalamu ya bluu, herufi za mkono unaotetemeka:

Mimi Eliufoo Mgonja leo Jumamosi, 14 Juni 2025, nimerudisha nishani ya Yonas Kipuyo kwa mkewe na mwanawe. Niliivaa kwa uongo. Jumapili ijayo nitasema mbele ya usharika.

Chini yake, saini mbili. Ya pili ilikuwa ya Mwinjilisti Tumainieli, na huyo aliitwa kutoka kanisani hatua chache tu kutoka pale. Alifika anahema, akasema ndiyo, mzee aliandika mbele yake, yeye ndiye aliyewasomea mama na mwana kwa sababu Nailantei hasomi.

"Kwa nini hukuja polisi?" Koleta alimuuliza.

"Nilikuwa Gonja kwenye semina. Nimerudi jana usiku."

Ndani ya gari Koleta alifungua jalada tena, akatafuta maelezo ya Rodrick Mgonja, mtoto wa marehemu, sajenti mstaafu. Aliyasoma kwa sauti ili Anderson asikie.

"'Siku ya Jumatatu saa sita mchana nilifuta vumbi fremu kwa mkono wangu mwenyewe. Nishani zote tatu zilikuwamo: ya babu, ya baba na yangu niliyopewa katika ulinzi wa amani.'"

"Jumatatu?" Anderson alisema. "Ya mzee ilikuwa huku tangu Jumamosi."

"Mwizi lazima awe na cha kuiba, Anderson. Kama nishani ilikwisha kutoka kwa hiari ya mwenyewe, mwizi anatoka wapi?"

Barabara ya kupanda Chome ilikuwa na mawe na makorongo, na kadiri walivyopanda ndivyo ukungu wa mlima Shengena ulivyoshuka kuwalaki. Anderson aliwasha taa za gari saa saba na nusu mchana.

*

Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Wanawake walikuwa jikoni kwenye masufuria ya makande, wanaume wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, kwaya inaimba taratibu. Jeneza lilikuwa chini ya turubai.

Kabla ya kuongea na mtu yeyote, Koleta alizunguka hadi mlango wa uani. Kutoka pale hadi ukingo wa ndiva alihesabu hatua sitini na mbili. Njia ilikuwa nyembamba, upana wa mtu mmoja, kabichi kulia na kabichi kushoto, na mteremko mkali. Aliinama mara tatu. Hakuna kabichi hata moja iliyovunjika jani. Picha za Jumanne zilizokuwa kwenye jalada zilionyesha vivyo hivyo. Mzee Eliufoo alikuwa na kilo themanini na tano.

"Huyu hakuburutwa," alimwambia Anderson kwa sauti ya chini.

Rodrick aliitwa sebuleni. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na nne, suti nyeusi, viatu vinang'aa licha ya matope, na alisimama kama anayengojea kukaguliwa. Anderson alifunga mlango. Ukutani palibaki msumari na mraba mweupe ambapo fremu ilikuwa imetundikwa miaka mingi.

"Afande, tunazika saa tisa."

"Sitakuchelewesha. Jumatatu saa sita ulifuta vumbi fremu?"

"Ndiyo."

"Nishani zilikuwa ngapi?"

"Tatu. Nimeandika."

"Ya baba yako ilikuwa wapi?"

"Katikati. Ilikuwa katikati siku zote."

Koleta alimwashiria Anderson. Fremu ilitolewa kwenye mfuko wa vielelezo na kulazwa mezani. Kioo kilikuwa kimebaki meno meno pembezoni, na kitambaa chekundu kilichoshikilia nishani kilionekana vizuri.

"Njoo uangalie, Sajenti. Hapa kushoto, palipokuwa na ya babu yako, kitambaa kimechanika. Hapa kulia, ya kwako, kimechanika. Aliyezitoa alizing'oa kwa haraka. Sasa angalia katikati."

Rodrick aliangalia.

"Matundu mawili ya pini, hayana hata uzi uliovutika. Hii ilifunguliwa taratibu, na mtu aliyekuwa na nafasi. Mwizi gani anafungua moja kwa adabu na kung'oa mbili?"

"Sijui ya wezi."

Koleta aliweka cheti cha Yonas mezani, upande wa nyuma juu. Rodrick alisoma hadi mwisho. Kisha akasoma tena. Ngozi ya uso wake ilibadilika rangi kama majivu ya jana.

"Mwandiko wa nani huo?"

Nje kwaya ilimaliza wimbo mmoja na kuanza mwingine.

"Ndani ya jeraha la baba yako," Koleta alisema, "daktari ametoa kipande cha kioo. Nitakipeleka maabara pamoja na fremu hii. Wewe umekuwa askari, unajua majibu yatarudi vipi. Uliikuta nafasi ya katikati ni tupu, ukamuuliza. Akakujibu nini?"

Rodrick alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa, akaweka mikono magotini.

"Akasema ameirudisha kwa mwenyewe," alisema. "Hivyo tu, kama anayerudisha jembe la jirani. Akasema Jumapili atasimama kanisani. Afande, mimi nilikuwa nafundisha watoto wa jirani hesabu. Nilitaka kuwa mwalimu. Yeye akanionyesha ukuta huu, akasema Mgonja mwanamume lazima aweke yake hapa. Nikaenda jeshini. Nikapelekwa jangwani kwa watu. Wenzangu wawili niliokula nao sahani moja nimewapakia kwenye masanduku kwa mikono hii. Nilirudi nikaweka yangu kando ya yake. Halafu ananiambia ya kwake ni ya mtu mwingine."

"Ukampiga."

"Niliing'oa fremu ukutani nikamwambia basi na zote zitoke. Akanigeuzia mgongo. Sijui… Ndiyo. Nilimpiga."

"Mbili nyingine ziko wapi?"

Rodrick aliingiza vidole mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitambaa cheupe, akakifungua mezani. Nishani ya Keya, nyeusi kwa umri. Nishani ya ulinzi wa amani, utepe wake bado mpya.

"Nilitaka kuziangusha kaburini," alisema.

Koleta alizihesabu, akazitia kwenye mfuko, akaandika saa. Saa nane na dakika arobaini.

"Kutoka hapa hadi ndivani ni hatua sitini na mbili. Baba yako alikuwa mtu mzito, na hakuna jani lililovunjika njiani. Wewe ulishika mabega. Miguu alishika nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Sajenti."

"Peke yangu, afande!"

"Usijiongezee uongo, baba. Uliopo unatosha," ilisema sauti ya mama nyuma yao.

Mlango wa chumbani ulikuwa umefunguliwa. Ernesta alisimama pale amejifunga kanga mbili nyeusi, kovu la kidevuni limekunjamana. Rodrick alinyanyuka kwa kasi.

"Mama, rudi ndani!"

"Nirudi wapi? Nimekaa ndani siku tatu." Akamgeukia Koleta. "Miguu nilishika mimi. Nilitoka kanisani mapema, tumbo lilinisumbua. Nikamkuta mume wangu hapo chini, na huyu amepiga magoti. Tukangoja giza liingie."

"Saa kumi kuna mtu alibisha hodi," Koleta alisema.

"Yule Mmasai. Nikamwambia mzee hayupo."

"Wakati huo mzee alikuwa wapi?"

"Hapo uliposimama."

Anderson, bila kutaka, alitazama miguu ya Koleta. Sakafu ilikuwa safi, imesuguliwa hadi saruji imekuwa nyeupe.

"Kwa nini, mama?"

"Yule alikwisha kufa," Ernesta alisema. "Nimeishi naye miaka arobaini na tisa, ningemlilia vyovyote vile. Lakini huyu alikuwa bado anapumua. Ungekuwa wewe ungeokota kipi?"

"Na Lemomo? Jumanne ulikuwa ndivani. Uliwaona wanampiga."

Ernesta alitazama dirishani, kwenye mabenchi ya waombolezaji, kana kwamba jibu lingetoka kwa mmoja wao.

Koleta alitoka barazani akapiga simu Same. Maneno yake yalikuwa machache: Lemomo Yonas afunguliwe sasa hivi, si kesho, na askari aliye zamu amwombe radhi kwa mdomo wake. Upande wa pili mtu akauliza kama kuna barua. "Barua nitaileta mimi," alisema. "Fungua."

Aliporudi ndani aliwasomea mama na mwana haki zao, mmoja baada ya mwingine. Anderson alikuwa na pingu moja tu. Alimtazama Koleta akingoja amri.

"Uwafunge pamoja," Koleta alisema.

Pingu ilibana mkono wa kulia wa Rodrick na wa kushoto wa Ernesta. Ernesta alivua kanga ya juu akaitandaza juu ya chuma kile, akaikunja pembeni, akaonekana kama mtu aliyeshikana mkono na mwanawe kwa ajili ya utelezi.

"Inspekta," alisema, "tumzike kwanza."

Saa tisa kasoro dakika tano. Gari lilikuwa mita ishirini. Kanuni ilisema gari. Koleta alitazama ukungu, akatazama wanaume wanne waliokuwa wamekwisha kushika kamba za jeneza.

"Dakika kumi," alisema. "Anderson, kaa nyuma yao."

Watu walifikiri Rodrick anamkongoja mama yake, wakawapisha njia. Jeneza likashuka. Mchungaji akasema mavumbi kwa mavumbi, akaiita familia kutia udongo, mke kwanza. Ernesta aliinama kwa mkono ulio huru, lakini ukingo ulikuwa na matope, akateleza, na kwa kujizuia akautoa mkono wa kushoto. Kanga ikaanguka. Mkono wa Rodrick ukavutwa pamoja na wake, wakachota udongo uleule, na mbele ya kijiji kizima mikono miwili ikainuka juu ya kaburi, imefungwa chuma kimoja.

Kwaya ilikatika katikati ya neno.

Udongo ukaanguka juu ya mbao. Hakuna aliyesogea. Mchungaji alitazama pingu, akamtazama Koleta, na Koleta akamwashiria kwa kichwa aendelee.